Sarafu ya Jumamosi

Mkuu wa kituo alitaka faili lifungwe kabla ya jua kuzama, na kilichopungua ndani yake, kwa maneno yake mwenyewe, kilikuwa tafsiri tu.

"Kurasa hizi," alisema, akimsukumia Inspekta karatasi juu ya meza. "Mazungumzo ya wale wazee wa sarafu. Watu wa mitambo wameyatoa kwenye simu, lakini hayasomeki. Herufi tupu. Hakimu hawezi kusomewa vitu hivi kesho asubuhi. Tafuta mtu akufasirie, andika pembeni kila herufi ina maana gani, niletee."

"Na kijana?"

"Kijana anapandishwa kizimbani kesho kwa mauaji. Hilo limekwisha. Wewe tafsiri."

Inspekta alikusanya karatasi. Jino la nyuma lilikuwa likimpwita tangu alfajiri, na alikuwa amebana karafuu shavuni, kwa hiyo hakujibu. Mkuu aliuchukulia ukimya wake kuwa utii, na hilo liliwafaa wote wawili.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Mzee mmoja mkusanyaji wa sarafu za kale, aliyeishi peke yake, alikutwa amekufa Jumamosi sebuleni kwake, kichwa kimegonga pembe ya kasha la chuma. Kifungo cha shati kilikuwa kimeng'oka na mshono wa bega umeachia, kwa hiyo hakuanguka mwenyewe. Kuna mtu alimsukuma. Daktari wa maiti hakuweza kutaja saa. Alisema mchana, akaishia hapo. Lakini alasiri ya siku ile simu ya marehemu ilituma picha ya sarafu kwenye kundi lao la mtandaoni, na Mkuu akahesabu kwamba maiti hazitumi picha, basi alasiri mzee alikuwa hai. Muda mfupi baadaye fundi cherehani wa nyumba ya pili alichungulia dirishani akamwona mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake, amesimama kando ya maiti na simu ya mjomba wake mkononi. Picha ilikuwa imeshafutwa.

Kijana alipoulizwa kwa nini aliifuta, alisema hana la kusema. Alipoulizwa kama alimsukuma mjomba wake, alisema hana la kusema. Alipoulizwa kama anataka maji ya kunywa, alisema hapana, ahsante.

Pale mapokezi, kwenye benchi la mbao, mama yake kijana alikuwa amekaa kama alivyokaa kila asubuhi tangu siku ile. Mapajani alipakata sufuria ndogo yenye mfuniko, chini yake kitambaa cha michirizi ya buluu kimekunjwa mara nne. Sufuria ile ilikuwa imesuguliwa hata konstebo wa zamu, akipita, aliinama kidogo akaweka kofia yake sawa kwa kujitazama ubavuni mwake. Mama hakucheka wala hakuudhika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeshika tama? Umefiwa?"

"Jino tu, mama."

"Sukutua maji ya chumvi, ya moto." Akamtazama. "Wanamwachia leo?"

"Bado."

"Hakufanya," alisema mama, kama mtu anayesema duka limefungwa. "Kwa hiyo watamwachia."

Alikuwa amefiwa na kaka yake, na mwanawe yuko rumande, lakini hakuna aliyemwona na chozi. Konstebo wa zamu alikuwa akisema yule mama ana moyo wa jiwe. Inspekta hakuliona jiwe. Aliona mtu aliyetolewa kitu ndani na bado hajaangalia ni kitu gani.

Mama aliona kitu kingine. Alishika mkono wa Inspekta, akalowesha ncha ya kile kitambaa kwa mate, akaanza kusugua doa kwenye kipindo cha shati la sare.

"Chai hii," alisema. "Ukiacha ikauka ndiyo basi."

Inspekta alikuwa na cheo, bunduki kabatini na watu wanne chini yake, lakini alisimama pale mkono umenyooshwa hadi doa likatoka.

*

Msimamizi wa kundi alikuwa daktari wa meno, na kundini jina lake lilikuwa Meno. Alimpokea Inspekta akiwa amevaa glavu, akalitazama shavu kabla ya kutazama kitambulisho.

"Gego la chini, kushoto," alisema.

"Nimekuja kwa ajili ya sarafu."

"Sarafu hazina haraka. Panda kitini. Utaniuliza huku nafanya kazi. Ukitoka hapa na shavu hilo watu watasema serikali yenyewe imenishinda."

Ndivyo mahojiano yalivyofanyika: Inspekta amelala chali, karatasi ameziinua juu ya uso wake, daktari akizisoma kutoka nyuma ya kichwa. Alimchoma sindano ya ganzi, akamwambia jino litang'olewa uvimbe ukipungua, akavuta kiti chake chenye magurudumu. Taratibu mdomo wa Inspekta ulianza kuwa wa mtu mwingine.

"Anza na hii," alisema. "HJM."

"Haijaguswa maji. Hiyo ndiyo sala yetu, Inspekta. Sarafu ikizeeka inaota ngozi. Nyeusi, kahawia, kijani kidogo. Wewe unaona uchafu, sisi tunaona miaka. Ukiisugua umeichuna ngozi, na hairudi tena. Imebaki kipande cha shaba kinachong'aa kama kitasa." Alicheka peke yake. "Mimi kutwa nzima nasugua meno ya watu. Nikifika nyumbani siruhusiwi kusugua kitu."

"NGZ."

"Ngozi. Ndiyo maana marehemu tulimwita Babu Ngozi. Hakuna aliyekuwa na sarafu zenye ngozi kama zake. SYK, si ya kuuza. NCH, nachukua; wa kwanza kuandika hiyo ndiye mnunuzi, hata kama wa pili ni baba yake mzazi. Jeneza ni kile kikasha cha plastiki cha kuifungia. MKN, mikono."

"Mikono?"

"Ni karipio. Sarafu inashikwa kwa kingo, namna hii, kwa ncha za vidole viwili. Ukiweka kidole juu ya uso unaacha mafuta na jasho, baada ya muda alama ya kidole inakula shaba. Mimi niliwahi kutuma picha gumba limegusa sikio la mfalme. Babu akanitoa kundini mwezi mzima. Msimamizi mwenyewe! Nikamwapia nilikuwa nimenawa. Akasema hata malaika wanatoka jasho."

Inspekta aliandika pembeni, kwa kalamu iliyokuwa ikigoma kuandika kuelekea juu. Alifika kwenye ukurasa wa Jumamosi. Pale palikuwa na mstari wa Babu Ngozi uliosema ujumbe umefutwa, na chini yake majibu yaliyoangukiana.

Meno: *IMK???*

Fundi Bomba: *Babu!! IMK hii! Na MKN!!*

Mpwa: *FTH*

Mpwa: *FTH FTH*

Meno: *Babu pokea simu*

"Mpwa ndiye kijana mliyemkamata," alisema daktari, na sauti yake ilishuka. "Mjomba alimleta kundini tangu yuko shule."

"IMK ni nini?"

"Imekoga. Maana yake imeoshwa. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo kwetu. Kila Jumamosi alasiri Babu alitutumia sarafu moja kutoka kwenye kasha lake. Si ya kuuza, ya kutazama tu. Tulikuwa tunakaa tayari kama watu wanaosubiri mpira. Akichelewa kidogo, simu kumi zinampigia kumuuliza kama mzima. Jumamosi ile akatuma kwa wakati wake, maandishi yale yale ya siku zote: HJM, SYK, NGZ kamili. Halafu tukafungua picha."

"Picha imefutwa."

"Kwenye kundi. Mimi nilishaihifadhi. Nilitaka kumtania nayo mpaka azikwe. Nimesema vibaya."

Alivua glavu moja, akatafuta kwenye simu yake, akaishusha mbele ya macho ya Inspekta.

Sarafu kubwa ya shaba, inang'aa kama imetoka kiwandani asubuhi ile. Hata kwa mtu asiyejua, ilikuwa inaumiza macho. Gumba moja lilikuwa limelala juu ya uso wa mfalme, na ngozi ya gumba lile ilikuwa na mikunjo midogo myeupe. Chini ya sarafu palikuwa na kitambaa cha michirizi ya buluu.

Inspekta aliitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Tulidhani ameibiwa simu," alisema daktari. "Babu kuosha sarafu? Angeosha macho yake kwa pilipili kwanza. Tukapiga, tukapiga, haikupokelewa. Jumatatu nikaja kituoni kwenu kueleza. Kijana wa mapokezi akaandika, 'Wameona sarafu safi.' Akaniuliza, daktari, sasa kosa liko wapi hapo?"

"Babu alipiga picha mwenyewe siku zote?"

Maneno yalikuwa yakitoka yakichechemea. Daktari alimfuta mate kwa karatasi bila kumwonea haya.

"Hapana. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Yeye alishika sarafu kwa kingo, mtu mwingine anabonyeza."

"Nani?"

"Picha haimwonyeshi anayepiga, Inspekta."

"Na FTH?"

"Futa haraka. Mtu akituma kitu kitakachomletea balaa mwenyewe. Labda namba ya nyumba imeonekana nyuma, au funguo, au mtoto. Tunamwandikia FTH. Ni ya kumkinga aliyetuma."

"Aliyetuma. Si mwenye sarafu."

"Aliyetuma," alisema daktari. Alikunja ile glavu. "Mimi niliandika IMK, kumlaumu Babu. Sote tulimlaumu Babu. Sijalia bado, unajua? Nimejaribu. Naona kama Jumamosi atatuma."

Inspekta aliteremka kitini. Hakusikia shavu lake, na kwa mara ya kwanza siku ile alishukuru.

*

Karakana ya friji alikofanya kazi kijana ilikuwa njiani, kwa hiyo alipita. Msimamizi wa karakana, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, alimkumbuka kijana vizuri.

"Alikuwa juu ya ngazi, anafunga friji la bucha, hapo mbele. Mimi ndiye niliyeshika ngazi. Simu ikalia mfukoni mwake, ule mlio wa kundi lao, akaitoa akaitazama. Akaandika kitu upesi. Halafu akashuka kama aliyeona nyoka, akaacha gesi inavuja. Nilimtukana mpaka mwisho wa barabara." Alikuna kidevu. "Sikujua kuna msiba. Nisingemtukana."

"Simu ngapi alikuwa nazo?"

"Moja. Ya pili angenunua na nini?"

"Mbona hukuja kutueleza?"

"Mbona hamkuja kuniuliza?"

Inspekta aliandika maelezo, msimamizi akatia sahihi kwa kalamu ya kuchorea vyuma. Hesabu ya Mkuu ilikuwa imeanguka. Picha ilipotumwa kijana alikuwa juu ya ngazi mbele ya shahidi, na simu ya mjomba wake ilikuwa mkononi mwa mtu aliyeosha sarafu. Mzee asingekaa kutazama sarafu yake ikioshwa. Kwa hiyo, ilipooshwa, alikuwa tayari amelala chini.

Alirudi kituoni na kumtoa kijana rumande hadi chumba cha mahojiano. Vidole vyake vilikuwa na makovu ya kuunguzwa na gesi ya friji. Alikaa ameegemea mbele, macho kwenye saruji, na alikuwa amevaa shati lile lile la Jumamosi, lenye doa jeusi la mafuta kifuani.

"Ulikuwa juu ya ngazi," alisema Inspekta.

Kijana alivuta miguu chini ya kiti.

"Wenzako wote waliandika IMK. Wewe ndiye mwenye jicho kali kuliko wote, mwanafunzi wa Babu Ngozi mwenyewe, hukuandika. Uliandika futa haraka."

Kijana alisugua kovu moja kwa gumba.

"Hukwenda kule kumwua mjomba wako. Ulikwenda kwa sababu uliona kilichokuwa kwenye picha. Ukakuta yameshatokea, ukafuta."

"Inspekta." Sauti ilikuwa kavu, haina kitu. "Andika ni mimi. Nitatia sahihi."

"Jana hukutaka kusema neno."

"Jana nilikuwa sijachoka."

"Ukitia sahihi hapa, unajua unakokwenda na utakaa huko muda gani?"

"Najua."

"Mama yako anakuja hapa kila siku na chakula."

Hapo kijana alinyanyua uso. Hakulia yeye pia. Machozi yalikuwa kama yamekatazwa katika familia ile. "Mwambie asije. Anaamka mapema mno. Mgongo wake haufai kwa lile benchi."

Inspekta alifunga daftari bila kumwandikia ile sentensi aliyoitaka.

*

Mama alikuwa ameshaondoka, sufuria imebaki kaunta kwa ajili ya mwanawe. Inspekta alimfuata nyumbani, peke yake, bila king'ora.

Palikuwa chumba kimoja na ua mdogo wa nyuma. Kila kitu kilichoweza kung'aa kiling'aa: vijiko, bawaba za mlango, mabomba, hata kufuli lililotundikwa msumarini bila kazi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, sufuria kubwa katikati ya miguu, anaisugua kwa majivu na kipande cha limau. Mikono yake ilikwenda bila yeye. Aliinuka kumtolea mgeni kiti, akamletea maji, akarudi kwenye kazi yake.

"Shavu limepungua."

"Nimechomwa ganzi, mama."

"Inasaidia?"

"Sisikii kitu."

"Eh," alisema mama, na ilionekana anaielewa hali hiyo.

Inspekta aliweka simu yake juu ya ukingo wa karo, picha imefunguliwa. Mama alijifuta mikono kwenye kanga kwanza, mmoja baada ya mwingine, ndipo akaichukua.

"Imetakata," alisema.

"Aliyeitakatisha ni nani?"

Mama aliirudisha simu pale pale. Akachukua limau, akaendelea kusugua.

"Maelezo yako yanasema ulipika kwa kaka yako, ukaondoka adhuhuri yeye mzima."

"Nilisema hivyo."

"Mama, nataka nikueleze kitu kuhusu mwanao. Watu wa sarafu hawaoshi sarafu. Kaka yako asingeosha hata kwa kulazimishwa. Mwanao alikuwa kazini, juu ya ngazi, picha hiyo ikamfikia. Akaona sarafu ya mjomba wake imesuguliwa. Akaona kitambaa. Akaona kidole hicho. Wewe ungeona kidole cha mwanao kwenye picha usingekijua?"

Mikono ilipunguza mwendo.

"Akaacha kazi akakimbia. Ndiyo maana alikutwa pale. Hakuwa na safari ya kwenda kwa mjomba wake siku ile. Alikwenda kwa sababu ya hiyo picha, akaifuta, na tangu hapo hasemi. Leo ameniambia niandike kwamba ni yeye. Kesho atamwambia hakimu hivyo hivyo, na hakimu atamwamini, kwa sababu hakuna mwingine aliyesema neno."

"Lakini hakufanya," alisema mama.

"Hakufanya."

"Nilidhani mtaona. Nyie ndio kazi yenu." Alisema bila hasira. "Kila siku nilikuwa nasema, leo wataona, watamtoa. Sikujua kwamba yeye ananiona mimi."

Alimwaga maji ndani ya sufuria, akaisuuza, akaitazama ndani, akaisuuza tena. Halafu akaifudikiza juani na kukaa, mikono tupu juu ya magoti. Ilikuwa mara ya kwanza Inspekta kuiona mikono ile bila kazi.

"Nilikuwa nafuta meza yake," alisema mama. "Alikuwa hataki iguswe. Nyumba nzima nifue, nipige deki, nipike, ile meza nisiiguse. Siku hiyo kulikuwa na chai imemwagika. Nikanyanyua sarafu nipanguse chini yake. Akanikaripia, 'Mikono!' Hivyo tu. Miaka yote ni hivyo. 'Mikono!' Kama anafukuza kuku."

"Ukamsukuma."

"Alinishika hapa." Alionyesha kifundo cha mkono. "Akanipiga vidole, kama mtoto aliyeiba sukari. Inspekta, alipolazwa, mikono hii ndiyo iliyomwosha miguu. Ilimwosha kila mahali. Hakusema mikono siku hizo. Nikamsukuma. Nilitaka aniachie tu. Kasha lilikuwa nyuma yake."

Kwenye ua wa jirani mtu alikuwa anafunga dirisha linalokwama. Walisubiri amalize.

"Nilikaa naye," alisema mama. "Nikamwita. Nikamfunga kidevu. Halafu nikaona sarafu bado iko mkononi mwangu, ina damu. Nikaenda kuiosha. Damu ilitoka upesi. Lakini chini yake kulikuwa na weusi mwingine, mbaya, na limau lilikuwepo pale jikoni. Nikaona nimeshaanza, nimalize."

"Na picha? Kwa nini uliituma?"

"Ilikuwa Jumamosi. Asipotuma wanampigia. Mimi ndiye niliyekuwa nambonyezea, najua. Simu ingelia, na yeye amelala pale hawezi kuipokea. Sikutaka simu ilie." Aliangalia viganja vyake. "Yale maandishi nilirudia ya wiki iliyopita. Kushika sarafu na kubonyeza kwa mtu mmoja ni kazi, ndiyo maana kidole kikaingia. Nikatuma. Ikalia hapo hapo. Ikalia, ikakatika, ikalia. Sikuelewa wanataka nini tena, nimeshawatumia. Nikaiacha mezani nikatoka."

Inspekta hakuandika. Ganzi ilikuwa imepanda hadi chini ya jicho, na alikuwa na hakika kwamba asingekuwa nayo angesema neno la kipumbavu la kufariji.

"Imeharibika?" aliuliza mama. "Ile sarafu?"

"Wanasema ngozi hairudi."

"Alinieleza. Mara nyingi alinieleza, kwa upole wakati mwingine. Mimi sikuwahi kuona ngozi. Nilikuwa naona uchafu." Aliinuka, akavuta mlango wa chumba, akaujaribu kama umefungika. "Twende. Nikisema mimi, watamtoa leo?"

"Leo."

"Kabla ya giza?"

"Kabla ya giza, mama."

*

Mkuu alisoma maelezo ya mama mara mbili, ya msimamizi wa karakana mara moja, kisha akauliza tafsiri iko wapi. Inspekta alimwekea zile kurasa. Kila herufi ilikuwa na maana yake pembeni, kwa mwandiko uliopinda wa mtu aliyeandika akiwa amelala. Mwisho kabisa, mbele ya FTH, aliandika: *futa haraka, huandikwa kumkinga aliyetuma.* Mkuu alikaa akiutazama mstari ule. Baadaye alichukua kalamu akatia sahihi, na hakusema lolote kuhusu jua kuzama.

Kijana alitolewa kupitia mapokezi. Alikuwa ameshika viatu mkononi kwa sababu walikuwa hawajamrudishia kamba zake. Alipomwona mama yake amesimama upande wa ndani wa kaunta, kando ya askari wa kike, alielewa bila kuambiwa, na viatu vikamtoka.

"Mama, nilishafuta," alisema. "Nilishafuta. Ungenyamaza tu."

Mama alimtazama kuanzia nywele hadi miguu. Sufuria yake ilikuwa pale kaunta, chakula hakijaguswa, kitambaa cha michirizi kimekunjwa chini yake. Alikichukua. Konstebo wa zamu alinyoosha mkono kumzuia, kwani sasa kile kilikuwa kidhibiti, lakini Inspekta alimtikisia kichwa, mkono ukarudi.

Mama alilowesha ncha ya kitambaa kwa mate, akaushika upande wa shati la mwanawe, akaanza kusugua lile doa la mafuta kifuani. Alisugua kwa nguvu na kwa utaratibu, kutoka ukingoni kuja katikati. Kijana alikuwa amesimama miguu mitupu juu ya saruji, mwili mzima ukiyumba kwa kila msuguo, na machozi yake yalikuwa yakianguka juu ya mikono ile ya mama yake. Shavu la Inspekta lilianza kuuma tena, kwanza kwa mbali.

"Acha, mama," alisema kijana. "Hilo halitoki."

"Tulia," alisema mama. "Limebaki kidogo."